Nyumba Niliyoiruka

Kwa mwaka mmoja na nusu kazi yangu ilikuwa kukusanya choo cha watu. Nasema hivyo mwanzoni ili nisionekane nimeficha kitu. Kakuma mjini walinijua kwa kazi hiyo. Mama mmoja wa Sudan Kusini aliyeuza samaki wakavu wa Kataboi karibu na laga, ule mto mkavu wa mchanga, kila akiniona na sanduku langu la barafu aliwaambia wateja wake, "Fungeni vyoo vyenu, mwizi amekuja." Wateja walicheka. Nilimsalimia, akaitikia, nikapita. Siku hizo mtu angeweza kunitania kutwa nzima na nisijue kama nimefurahi au nimeumia.

Mradi ulitaka kujua jambo moja. Tumboni mwa kila mtu kuna bakteria wengi wanaoishi humo bila kumdhuru. Kati ya hao, ni wangapi wameizoea dawa hata haiwaui tena? Walitaka kupima kambini kwa wakimbizi, mjini, na kwa wafugaji wa mbali, kisha walinganishe. Walihitaji mtu anayejua Kiturkana na Kiswahili, anayeandika namba bila kukosea, na asiye na haya. Mimi niliishia kidato cha pili. Namba naziweza. Haya sikuwa nayo, kwa sababu wakati ule ndani yangu hakukuwa na kitu chochote.

Mke wangu alikuwa amefariki miezi saba kabla.

Nitaeleza ilivyokuwa, na nitaeleza mara moja. Alianza kusikia moto akikojoa. Haikuwa mara ya kwanza. Mara mbili za nyuma nilimnunulia vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa, akameza mpaka maumivu yakaisha, na vilivyobaki nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililoning'inia juu ya kitanda. Kopo hilo lilikuwa la wote. Mbuzi akiharisha tulifungua kidonge, tukamwaga unga wake kwenye maji, tukamnywesha. Binti yetu akikohoa, nusu. Mimi nikila nyama iliyolala, viwili. Huenda kuna mtu aliwahi kutuambia tusifanye hivyo. Simkumbuki.

Mara ya tatu vidonge havikushika. Akasema mgongo unamuuma. Akaanza kutetemeka, na kulikuwa na joto la Kakuma, mchana. Nikamwongezea vidonge. Zikapita siku nne hivyo. Zahanati ilikuwepo, tungeweza kufika kwa miguu. Sina sababu ya zile siku nne. Nilidhani dawa itashika. Siku ya tano tulipelekwa Lodwar, wakachukua mkojo na damu, wakamtundikia maji, wakamdunga sindano. Asubuhi ya siku ya pili mwili wake ulipoa, nikadhani amepata nafuu, nikatoka kununua chai. Niliporudi alikuwa amekwisha.

Tulimzika kwao Katilu, upande wa mashamba ya mfereji. Baada ya mazishi nilipitia hospitali kuchukua kanga zake na kitambulisho, muuguzi akanipa na bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi ya maabara. Juu kulikuwa na jina la mdudu kwa Kizungu, chini yake majina ya dawa saba, na mbele ya kila dawa herufi moja. R, R, R, R, R, R. Ya mwisho ilikuwa S.

"R ni nini?" nikamwuliza.

"Ni sugu. Dawa hiyo haimwezi."

"Na hii S?"

"Hiyo ingemuua. Lakini baba, mdudu lazima aoteshwe kwanza ndipo tujue, na kuotesha ni siku tatu."

Nikasema asante. Nikatoka nje, nikakaa kwenye kivuli cha mti wa mathenge, nikahesabu. Kuotesha siku tatu. Pale Lodwar aliishi siku mbili. Kitandani mwetu, chini ya kopo langu la vidonge, nilimweka siku nne. Nilihesabu tena kutoka mwisho kuja mwanzo, jibu likawa lile lile. Sikulia. Nilikuwa nimelia Katilu kidogo, mbele za watu, na baadaye nilihisi kama lile lilikuwa jambo nililofanya kwa sababu watu walikuwepo.

Kwa hiyo niliposikia mradi unatafuta mtu, niliomba. Wengine waliuliza juu ya gari na posho. Mimi nilitaka kuona kwa macho yangu R ni kitu gani.

Kazi ilikuwa na sheria moja kubwa. Unaanzia mahali palipopangwa, unafuata nyumba upande wa kushoto, unahesabu, unabisha kila nyumba ya sita. Hubagui. Ya sita ikiwa ya mzee wa kanisa, unabisha. Ikiwa ya wapika pombe ya chang'aa, unabisha. Msimamizi wa maabara alitufundisha hivyo siku ya kwanza. Alikuwa mama wa makamo aliyetoka sehemu za magharibi, tukimwita Madam, na yeye aliniita mzee ingawa alinizidi miaka. Alisema, "Mkianza kuchagua nyumba, tutakuwa hatupimi Kakuma tena. Tutakuwa tunawapima nyinyi."

Wiki ya pili ya kazi nilipangiwa mtaa wangu. Nilianzia kwa kinyozi. Moja, mbili, nyumba ya mashine ya kusaga posho ikawa tatu, nne, tano. Ya sita ilikuwa na mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu, na ufunguo wa kufuli yake nilikuwa nao mfukoni.

Nilisimama pale kwa muda. Siwezi kusema niliogopa, maana woga ni kitu unachokisikia. Miguu tu ilikwenda mbele. Nilijua kwamba watu wa nyumba moja hugawana bakteria, tulikuwa tumefundishwa. Kama mdudu aliyemuua mke wangu alikuwa tumboni mwangu pia, akila vidonge vyangu, sahani za maabara zingeonyesha. Nikabisha nyumba ya saba. Jirani akatoka akijifuta unga mikononi.

"Heh! Leo unaniibia mimi?"

"Leo ni wewe."

"Na kwako umeshaiba?"

Alitania tu. Nikampa kikopo na sabuni ya kipande, nikaandika kwenye fomu: nyumba ya sita.

Mara mbili kwa wiki nilikwenda Lodwar na gari la mradi, sanduku la barafu katikati ya miguu. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye kiyoyozi, na mtu akiingia kutoka kwenye jua la Lodwar ngozi ilimsisimka kama ya kuku. Madam alipoona nasoma vizuri, alianza kuniweka karibu na meza.

Nitaeleza tulivyofanya, kwa sababu watu hudhani ni uchawi. Madam anachukua kipande kidogo cha choo, kama punje ya mtama, anakikoroga kwenye maji ya chumvi, anayapunguza makali mara nyingi kwa maji mengine. Tone la mwisho analipaka kwenye sahani ndogo mbili za plastiki zenye chakula cha bakteria kilichoganda kama uji uliolala. Sahani moja haina dawa. Ya pili ina dawa. Zinaingia kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu. Kesho yake kila bakteria aliyeishi amezaa mpaka akawa kidoti unachoweza kukiona. Unahesabu vidoti vya sahani isiyo na dawa: hao ndio wote. Unahesabu vya sahani yenye dawa: hao ndio wasiosikia. Mtu mmoja alikuwa na vidoti kila mahali upande huu, na upande wa dawa viwili vitatu. Mwingine ungedhani ni sahani moja iliyopigwa picha mara mbili. Wote walikuwa wazima, wamekwenda kuchota maji asubuhi hiyo.

Kisha Madam huchagua vidoti vichache na kukipaka kila kimoja kwenye sahani yake, mpaka kiwe kama vumbi lililotanda sawasawa. Juu yake anaweka vipande vya karatasi vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kesho yake, dawa inayofanya kazi huwa imezungukwa na duara tupu, mahali bakteria hawakuweza kuota. Unapima duara hilo kwa rula. Dawa isiyofanya kazi haina duara. Bakteria wameota mpaka ukingoni mwa karatasi.

"Hapo unaandika sita," Madam alinifundisha.

"Sita ya nini? Hakuna kitu hapo."

"Karatasi yenyewe ni milimita sita. Ukiandika sita, umepima karatasi."

Hiyo ndiyo ilikuwa R. Nilikuwa nimebeba R sita mfukoni bila kujua sura yake. Sasa nilimsomea Madam kwa sauti, naye akiandika kabla ya kurudia kupima mwenyewe. "Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Sita. Sita. Kumi na moja. Sita." Nilikuwa na jicho zuri, alisema. Karatasi ya mke wangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe jasho. Sikuwahi kumwonyesha.

Miezi ilikwenda hivyo. Nilipika uji, nilikwenda kazini, nilirudi. Binti yangu alikuwa Katilu kwa bibi yake, nikimpigia simu Jumapili, akinisimulia mambo ya shule nami nikisema, "Vizuri. Vizuri sana."

Kilichobadilisha mambo ni vikopo vitano vya Nakalale.

Tulikwenda huko na mwenzangu wa kazi, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyewahi kuwa mwalimu kambini, mtu mrefu aliyelazimika kuinamisha kichwa hata garini. Aliniita akhui, yaani ndugu yangu kwa Kiarabu cha Juba, na aliongea kwa ajili yetu wawili. Tulifika boma moja, tukamkuta bibi mwenye shanga mpaka kidevuni, tukamweleza, akakubali. Tukamwuliza boma lina watu wangapi. Watano, akasema. Tukampa vikopo vitano na sabuni tano, tukaenda boma la pili, jioni tukarudi tukakuta vikopo vimejaa, vimefungwa vizuri, vimepangwa kivulini. Tulimsifu.

Wiki iliyofuata Madam aliniita mezani. Alikuwa amepanga sahani za watu watano mstari mmoja.

"Mzee, soma."

Nikasoma ya kwanza. Nikasoma ya pili. Kwenye ya tatu nikanyamaza, maana nilikuwa nakariri. Duara kwa duara, sita kwa sita, zilikuwa sawa.

"Hata mapacha hawafanani hivi," akasema. "Nendeni mkaulize."

Tukarudi Nakalale. Bibi alikuwa chini ya kibanda cha makuti ya mkoma akisukasuka kibuyu cha maziwa.

"Ejok, ata," nilimsalimia. Ata ni nyanya kwa Kiturkana.

"Ejok. Mmemaliza vile? Mmekuja kutaka vingine?"

"Ata, vile vikopo vitano vilikuwa vya nani?"

"Vya watu watano."

"Kila mtu alijaza chake?"

Alisimamisha kibuyu. "Wangejazaje? Wanangu wawili wako malishoni, hata sijui wamefika wapi. Binti yangu alikwenda na punda kutafuta maji. Mimi siku hiyo tumbo lilikataa. Huyu mjukuu ndiye alikuwa tayari." Akamnyooshea kidole msichana mdogo aliyelala kwenye ngozi. "Alitosha wote."

Mwenzangu akageuka kutazama gari. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Kwa hiyo vyote vitano ni vya huyu mtoto," nikasema.

"Ni vya boma. Nyinyi si mliuliza boma ni watu wangapi? Mkatoa sabuni tano. Hapa kitu kikigawiwa, wa malishoni anawekewa chake. Sasa nichukue sabuni ya mwanangu, halafu kwenye kikopo nimwache nje? Akirudi aniulize, mama, mimi nilikufa?"

Mwenzangu aliacha kucheka.

"Ata, lakini choo cha mtu ni chake," alijaribu, kwa Kiswahili, maana Kiturkana alikisikia tu, nami nikatafsiri.

"Chungu ni kimoja. Maziwa ni ya ng'ombe wale wale. Mwambie huyo mrefu anitajie tofauti."

Nilimweleza kwamba itabidi tufute vikopo vinne. Aliuliza kama kufuta ni kumfuta mtu au ni kufuta kikopo. Nikasema kikopo. Akauliza kama tunataka sabuni zetu. Nikasema hapana, ni zake.

"Afadhali," akasema, "maana nimeshafulia."

Kosa lilikuwa letu. Tulipaswa kuwaona watu wenyewe. Njiani mwenzangu alirudia maneno ya bibi kwa dereva, akiigiza sauti, na dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Mimi nilitazama dirishani. Nilikuwa nikifikiri kwamba yule bibi alikosea kwa kuongeza watu, kwa sababu hakuweza kumwacha nje mtu wake. Mimi nilipunguza nyumba, na nyumba niliyopunguza ilikuwa ya mke wangu.

Asubuhi yake nilikwenda Lodwar. Madam alikuwa anavaa glavu.

"Madam, kuna nyumba niliyoiruka."

"Lini?"

"Mwanzoni. Wiki ya pili. Niliandika ya saba kuwa ya sita."

"Ya nani?"

"Yangu."

Alivua glavu. Nikatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni nikampa, kwa sababu sikujua kueleza kwa njia nyingine. Aliisoma. Akaisoma tena, na niliona macho yake yakishuka kwenye zile herufi kama yanavyoshuka kwenye sahani.

"Huyu ni nani?"

"Mke wangu."

"Pole." Kisha akasema, "Wewe umenisomea milimita mwaka mzima, na hii iko mfukoni?"

"Ndiyo."

Alikaa kwenye kiti kirefu. Hakunifokea. Alisema ile nyumba ya saba ataifuta, na ataandika sababu. Alisema pia kwamba mtu hawezi kujikusanyia mwenyewe, kwa hiyo mwenzangu ndiye atakuja kwangu. Matokeo hayataingia kwenye hesabu ya raundi ile kwa sababu muda umepita, ila atanipimia nikitaka. Kisha akanitazama.

"Unataka nini hasa, mzee?"

"Kujua kama mdudu alitoka kwangu. Kwenye vidonge vyangu."

"Sahani haitakuambia hilo. Nikikuta anayefanana, sitajua nani alimpa nani. Nisipomkuta, mwaka na zaidi umepita, huenda alikuwepo akaondoka. Dawa ulizotumia wewe anazitumia mtaa mzima. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Na bado unataka."

"Bado nataka."

Mwenzangu alikuja Jumanne asubuhi. Alibisha mlango wa buluu ingawa nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Akhui, leo wewe ni mteja. Usinisumbue kama wale wa soko." Akaingia akiinama, akakaa kwenye kiti pekee, akafungua fomu kwenye simu. Tulijua maswali yote wote wawili, lakini aliyasoma, na nilimheshimu kwa hilo. Maji ya kunywa yanatoka wapi. Mnafuga wanyama. Umetumia dawa gani miezi mitatu iliyopita. Nikasema hakuna. Alitazama juu ya kitanda, ambapo kopo lilikuwa bado linaning'inia. Halikuwa na kitu, nilikuwa nimeacha tu kulishusha.

"Watu wangapi wanalala nyumba hii?"

"Wawili," nikasema.

Alisubiri. Nje mashine ya posho ilianza kunguruma. Nadhani sikuwa nadanganya. Lilikuwa jibu nililolizoea, nililowapa watu wa chandarua, watu wa sensa, watu wa chakula, kabla mtoto hajazaliwa. Ilikuwa hesabu ya mimi na mke wangu, mtoto hakuwemo.

"Andika mmoja," nikasema.

Akaandika. Nilipomletea kikopo aliandika namba, akakitia kwenye sanduku, akaweka sabuni mezani. Kisha akaweka na ya pili kando yake, akatoka haraka bila kuaga, yeye ambaye kuaga kwake kulichukua nusu saa.

Nilizitazama sabuni zile mbili siku nzima. Kesho yake nikamrudishia moja. Sabuni zinaandikwa kwenye daftari, moja kwa kikopo.

"Wewe mtu mgumu," alisema, akaipokea.

"Fomu imesema mmoja."

Matokeo yalikuwa tayari siku chache baadaye. Madam alinipangia sahani mezani akasimama kando, hakutaka kusoma yeye. Kwanza zile mbili. Upande usio na dawa vidoti vilikuwa vingi. Upande wa dawa vilikuwa vingi vile vile. Nilivihesabu vyote, naye akaniacha nihesabu. Tofauti ilikuwa ndogo.

Kisha sahani yenye karatasi saba. Nilichukua rula.

"Sita," nikasema. "Sita. Sita."

"Endelea."

"Sita. Kumi na tisa. Sita. Ishirini na nne."

Aliweka karatasi ya mke wangu pembeni. Dawa zilikuwa zile zile saba kwa mpangilio ule ule. Ya tano kwake ilikuwa R. Kwangu ilikuwa na duara, kumi na tisa. Zote nyingine zilifanana.

"Ni yeye?" nikauliza.

"Anafanana naye. Kwenye dawa moja hafanani." Alipima tena ile ya tano, taratibu. "Kumi na tisa. Sijui, mzee. Ningekuambia kama ningejua."

Nilimwamini. Nilikuwa nimengojea jibu liwe na uzito fulani, upande huu au ule, na lilikuwa milimita tu. Nikainamia sahani. Bakteria walikuwa wametanda rangi ya maziwa yaliyochujwa. Huenda walikuwa watoto wa watoto wa wale waliokuwa ndani yake. Huenda hawakuwa. Kama ndio, hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa ndani yetu sote wawili na bado kiko hai, ukimwacha mtoto. Nilijaribu kuhisi kitu juu ya hilo. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza shingoni.

Sahani hazitunzwi. Zikishasomwa huingia kwenye mashine ya mvuke, kama sufuria kubwa yenye kifuniko cha kukaza, ili kila kilicho hai humo kife kabla ya kutupwa. Kwa kawaida mimi ndiye niliyekaza kifuniko. Madam aliuliza kama nataka kutoka nje siku hiyo. Nikasema hapana. Nikaipanga sahani yangu na za watu wa Kakuma na kambini, nikakaza, nikatazama mshale ukipanda. Ilipofunguliwa zilikuwa zimeyeyuka zikashikana kuwa bonge moja. Nikalitia kwenye mfuko, nikaandika tarehe.

Kabla sijaondoka aliniambia niache vidonge vya kununua kidogokidogo, na niwaambie wa nyumbani. Aliniambia pia kwamba mtu mzima asiyeumwa hatibiwi. Hao walio tumboni mwangu nitakaa nao.

Jumapili hiyo nilikwenda Katilu. Binti yangu alikuwa amerefuka. Mama mkwe alikaa ndani karibu na mlango, mimi nje, bega kwa ukuta, maana kwetu mtu hazungumzi na mama mkwe uso kwa uso. Nilimsikia akipepeta mtama. Nikamwambia zile siku nne. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikamwambia na siku tatu za kuotesha mdudu, na sahani, na kumi na tisa, kwa Kiturkana, ambacho hakina maneno ya mengi ya hayo, kwa hiyo ilichukua muda.

Ungo ulisimama, kisha ukaendelea.

"Alinipigia simu siku ya pili," alisema kutoka ndani. "Akasema umempa dawa. Mimi nikamwambia ameze."

Sikujua hilo. Nilikaa nalo.

Baada ya muda nikamwuliza kama bado ana vile vidonge nilivyokuwa nikimletea kutoka Kakuma, vya mbuzi. Akasema anavyo. Nikamwomba avitoe, nikamweleza kwa nini, kwamba mtoto anapewa dawa kutoka kopo hilo hilo.

"Na mbuzi wakiharisha?"

"Aitwe mtu wa mifugo."

"Yuko wapi huyo?"

Nilimsikia akisimama, akishusha kitu kwenye boriti, vidonge vikigonga bati. Kisha mkono wake ukatokea mlangoni na kitambaa kilichofungwa fundo.

"Chukua," akasema. "Hii ni nusu."

Nusu nyingine nilisikia akiirudisha juu. Nilifungua fundo garini, nikihesabu kwa mazoea. Vilikuwa kumi na saba. Jumatatu nilivipeleka Lodwar, maabara, viteketezwe.